Kiberenge cha pedeli kwenye reli ya zamani: nani aende, nani asijisumbue

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnapitisha macho tu mkitafuta nyota ngapi. Nyota nne kwa tano. Ni safari nzuri sana kwa mtu anayetaka kwenda polepole na watu wake huku anaangalia mandhari, na ni hela ya kutupa kwa mtu anayetafuta spidi. Tulienda na mdogo wangu ambaye yeye alijua anaenda kwenye mashindano, nusu ya kwanza ya safari alikuwa amenuna kwelikweli, kila dakika anauliza "hivi haiwezi kwenda zaidi ya hapa?" Haiwezi, na hata ingeweza huruhusiwi, maana mbele yako kuna kiberenge kingine na nyuma yako kingine na wote mnatembea kwa foleni moja.

Kwa ambao hamjawahi kukiona, chombo chenyewe ni fremu ya chuma yenye magurudumu manne madogo yanayokaa juu ya reli, juu yake kuna siti za kuegemea, mbili au nne, na mbele ya kila siti kuna pedeli. Usukani hakuna. Kubalansi hakuna. Kila gurudumu lina ukingo kwa upande wa ndani ndio unaolishikilia kwenye reli, kwahiyo hata asiyejua baiskeli kabisa anapanda na anafika, kazi ni kupiga pedeli na mmoja wenu kushika breki basi. Reli ya kawaida ina upana wa milimita 1435, sasa upana huo watu wazima wawili wanakaa bega kwa bega bila kubanana na bado mkoba unapata pa kulala katikati. Sisi tulichukua cha watu wanne, mimi na mke wangu mbele, shangazi na mdogo wangu nyuma.

Jina la kampuni silitaji maana nina malalamiko mawili matatu na sitaki ugomvi, halafu pia hizi safari zinafanana sana popote utakapoenda, nitakayosema hapa yatakusaidia hata ukienda kwa wengine.

Lalamiko la kwanza ni siti. Zile siti zinasogezwa mbele na nyuma kama za gari ili miguu ifikie pedeli vizuri, na hapa ndipo siku yako inapoharibika au kutengemaa, si kwenye urefu wa njia. Siti ikiwa mbele mno magoti yanapanda mpaka kifuani na baada ya kilomita chache unaanza kuyasikia, ikiwa nyuma mno unanyoosha mguu kwa ncha ya kidole na kiuno kinakukamata. Sasa siti ya shangazi ilikuwa haisogei, imeganda, yule kijana wa kampuni akaivuta mara moja akasema "itatosha tu mama, si mbali." Mke wangu akamwambia kwa upole kabisa kwamba haitatosha, magoti ya mama yana historia, naomba utubadilishie. Wakabadilisha, lakini kwa kununa, na foleni nzima ikatusubiri huku watu wanatukodolea macho. Ukienda wewe kaa kwenye siti, zungusha pedeli duara zima, kisha ndio useme niko tayari. Usione haya. Wakishapiga filimbi ya kuondoka hakuna wa kukurekebishia mpaka kituo cha kupumzika.

Maelezo ya usalama kabla ya kuondoka walitoa vizuri, hapo nawapa haki yao. Mikanda mfunge, nywele ndefu mfunge, mitandio na kamba za viatu viingizwe ndani maana cheni ipo karibu na miguu na ikishika kitambaa haiulizi. Acha nafasi ya kutosha kati yako na wa mbele. Ukitaka kusimama nyoosha mkono juu ili wa nyuma aone, na yeye anyooshe, hivyo hivyo mpaka mwisho wa foleni. Kushuka njiani hakuna ruhusa. Mwanzoni niliona wanatutisha bure ila tulipoanza kutembea nikaelewa, kiberenge cha watu wanne kikishajaa ni nusu tani hivi kinachobingirika juu ya chuma, ukibana breki hakisimami palepale, kinateleza kidogo kwanza. Reli ikiwa na maji au majani yaliyooza juu yake ndio kabisa. Hata matreni makubwa yanapata shida na majani kwenye reli, yanasagika yanakuwa utelezi, sembuse sisi.

Haya, kuondoka sasa. Mshangao wa kwanza ni wepesi. Tulijipanga kukanyaga kwa nguvu zote kumbe ule mzigo wote unaanza kwenda kama unasukumwa na mtu kwa nyuma. Sababu yake ni kwamba gurudumu gumu juu ya reli halibonyei kama tairi la baiskeli linavyobonyea juu ya lami, kwahiyo nguvu ndogo tu inapotea njiani. Treni ndivyo zinavyoweza kuvuta mabehewa yale yote. Vya kwetu vilikuwa na ngozi ngumu ya plastiki kuzunguka gurudumu kupunguza makelele, inakula wepesi kidogo lakini bado unaweza kuacha kupiga pedeli sehemu tambarare na kikaendelea kwenda chenyewe mbali tu, mpaka unajiuliza kama kuna mota imefichwa.

Ila mlima unausikia, na hapa wengi wanadanganyika. Reli haipandi mlima kama barabara, wajenzi walikuwa wanakwepa, mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100 kwa treni ya mizigo tayari ni jambo la kuzungumzwa. Kwa macho huoni kitu, unaona njia imelala tu. Miguu ndiyo inakwambia. Ghafla ule wepesi umeondoka, mazungumzo yanapungua, kila mtu anaangalia mbele. Watu wanne mkipiga wote haina shida kabisa, shida ni pale wawili wanapopiga na wawili wanapiga picha. Mimi sitaji mtu lakini waliokaa nyuma kwenye kile kipande wanajijua.

Tena hapo nikamgeukia shangazi nikamwambia, "Shangazi, ukichoka acha tu, pumzisha miguu, sisi tutapiga." Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimekuja kutembea au nimekuja kubebwa? Hebu angalia mbele huko." Akapiga mpaka juu. Aliyelala alikuwa huyu kijana wa mashindano, na shangazi hakumwachia, alimsema mpaka tunafika. Pedeli kwa bahati nzuri kila mtu anazungusha kwa mwendo wake, mmoja akiacha mwingine hazuiliwi, lakini uliza kabla maana kuna vyombo vingine pedeli zimeunganishwa na wote mnakwenda pamoja mtake msitake.

Njia yenyewe ilikuwa reli ya mizigo iliyoachwa, inafuata mto upande mmoja, upande wa pili ni mashamba halafu msitu. Uzuri wa reli ni kwamba inapita mgongoni mwa kila kitu. Barabara inakuonyesha mbele ya nyumba za watu, reli inakupitisha nyuma, unaona nguo zimeanikwa, matrekta mabovu, mbwa anayekukimbiza mpaka mwisho wa uzio wake halafu anarudi ameridhika. Kuna sehemu mawe yamechongwa pande mbili kupisha reli, upana wake unatosha treni tu, hewa yake ni baridi tofauti kabisa na nje na maji yanachuruzika ukutani, tulipita pale hakuna aliyeongea. Halafu unatoka juani na pua inakutana na harufu ya ile dawa nyeusi waliyopaka mataruma, yale magogo ya mbao yaliyolala chini ya reli, yasioze, jua likiwa kali inanuka kama lami mbichi, wengine haiwapendezi, mimi naipenda.

Na mlio. Reli za zamani hazijachomelewa zote, vipande vinaungwa kwa vyuma vya pembeni na bolti na katikati wanaacha uwazi kidogo ili chuma kikipata joto kipate pa kutanukia, sasa kila gurudumu likivuka pale linagonga. Ta-tak, ta-tak, ta-tak. Kwenye spidi ya kiberenge unaweza kuzihesabu, na baada ya muda miguu ya watu wote wanne inajikuta inafuata ule mdundo bila mtu kupanga.

Kwenye makutano na barabara ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukijua. Tulivyokaribia mke wangu akaniambia subiri geti lishuke magari yasimame, nikasubiri, geti halishuki, taa haziwaki. Kumbe haziwezi. Zile taa mahali pengi zinaendeshwa na umeme mdogo unaopita kwenye reli zenyewe, treni ikiingia ekseli zake, zile fito za chuma zinazoshika magurudumu ya pande mbili, zinaunganisha reli ya kulia na ya kushoto na mtambo unajua kuna kitu kimefika. Kiberenge ni chepesi na magurudumu yake yana plastiki, mtambo haukioni kabisa. Kwahiyo kila barabara kubwa kuna kijana wa kampuni na kibendera, anasimamisha magari kwanza kisha anawavusha kwa kundi. Barabara ndogo za mashambani hazina mtu, mnasimama wenyewe, mnaangalia kulia kushoto, mnavuka. Na hapa nawaomba sana jamani, msimwone mtu kajitengenezea kibaiskeli chake cha reli kwenye video mkasema na sisi tunaweza. Reli inayoonekana imekufa si lazima iwe imekufa, kuna njia zinapitisha treni moja kwa wiki, na hiyo moja haiwezi kusimama kwa ajili yako. Hawa wa kampuni wana mkataba na mwenye reli na wanajua ratiba.

Tukafika kituo cha kupumzika, na hapa lalamiko la pili. Ni kiwanja kizuri kando ya mto, meza za mbao, vivuli, lakini choo ni kimoja kwa watu wa viberenge vyote, na njiani kote hakuna kingine. Kwenye tovuti yao hawakuandika. Ukiwa na mzee au mtoto maliza shughuli zako kabla ya kupanda. Halafu neno "siku nzima" waliloandika nalo lina utata, kupiga pedeli kwenyewe ni kama saa mbili kwenda na kurudi, siku inajazwa na kusubiri, maelezo, mapumziko, kugeuza vyombo na kusubiri tena. Mimi binafsi sikuchukia maana tulibeba chakula chetu na mazungumzo yalikuwepo, ila kama umeacha shughuli zako ukidhani utatembea kutwa ujue hivyo. Mapumziko yenyewe yalizidi, watu wakaanza kuzunguka na kupiga miayo, halafu wakati wa kurudi wakatuharakisha kana kwamba sisi ndio tuliochelewesha.

Pale ndipo mdogo wangu alipopona ule mnuno wake. Alikuwa amechutama kando ya njia, akafuta kutu kwa kidole ubavuni mwa reli, zikatokea herufi zimeinuka kwenye chuma chenyewe, jina la kiwanda na mwaka, 1926. Reli nyingi zina alama hizo, zinaviringishwa nazo kiwandani chuma kikiwa bado cha moto. Basi kuanzia hapo ikawa mchezo, kila akisimama anafuta, hii 1926, hii 1931, hii imeletwa baadaye kuziba iliyokatika. Juu ya reli kuna utepe mwembamba tu unaong'aa pale magurudumu yetu yanapopita, kwingine kote kutu ya kahawia. Ile treni ya mwisho ya mizigo ingeacha utepe mpana zaidi wa ule.

Kugeuza kiberenge nako ni burudani kidogo. Hakirudi kinyumenyume, wana sahani ya kuzungushia wanayoiweka katikati ya reli, wanakiinua kidogo, kijana mmoja anakizungusha kwa mkono mmoja, kinashuka kinaangalia kilikotoka. Sekunde chache tu.

Kurudi tuliteremka zaidi ya kupanda na ndipo raha ilipokolea. Wa mbele ashike breki kidogokidogo, asisubiri mpaka kikolee. Kama unachagua siti, mbele unaona njia yote ila unabeba kazi ya breki na upepo wote wako, nyuma unaona migongo ya wenzako lakini pembeni pako wazi na unaongea vizuri. Wazee wakae nyuma.

Suala la mota. Siku hizi kampuni nyingi zina vyenye betri vinavyokusaidia milimani, vingine unabonya kitufe unakaa tu. Ukiwa na mtu mwenye shida ya mguu au moyo chukua hicho bila kujadili, ndicho kinachomwezesha aende. Lakini kama wote mna afya mimi nasema chukueni cha miguu, ile kazi ndogo ndiyo inayowafanya muwe kitu kimoja, na ni kazi ndogo kweli, hakuna aliyeamka na maumivu.

Bei siitaji ila angalieni wanatozaje, maana wengi wanatoza kwa chombo na si kwa kichwa. Wawili mkichukua cha wanne mnalipia viti vitupu na mnasukuma uzito wa viti vitupu, hasara mara mbili. Pia kuna picha wanazopiga darajani kwa kushtukiza halafu mwishoni wanakuuzia kwa bei ya ajabu, sikununua, simu yangu inatosha. Ila simu ifungeni kamba, daraja lile la mbao liko wazi katikati ya mataruma, unaona maji chini ya miguu yako, simu ikidondoka pale iage.

Mdogo wangu ambaye sasa amekuwa mtaalamu alikaa anasoma habari za viberenge usiku mzima, akanijazia kichwa nami nawapa kidogo. Vitu hivi havikuanza kama starehe, vilikuwa vyombo vya kazi vya mafundi wa kukagua njia, Marekani miaka ya 1870 kuna bwana anaitwa George Sheffield huko Michigan alitengeneza cha magurudumu matatu cha kuendesha kwa mikono na miguu kikaja kutumiwa sana na watu wa reli. Starehe imekuja juzi tu reli za vijijini zilipoanza kufungwa. Korea Kusini wana ile ya Jeongseon iliyofunguliwa 2005 kwenye reli iliyokuwa ya makaa ya mawe, kilomita 7.2 kutoka Gujeol-ri hadi Auraji, karibu yote mteremko, na kurudi mnarudishwa kwa treni. Hiyo ndiyo ya kumpeleka mvivu. Ya Korea ndiyo iliyowapa wazo walioanzisha kampuni ya viberenge ya Rail Explorers kule Marekani 2015. California kuna za mota zinazopita kwenye ile miti mirefu ya redwood ukitokea Fort Bragg, Norwei kuna ya Flekkefjord ya kilomita 17 hivi yenye mahandaki mengi, treni zake zilikoma 1990.

Ninayoitamani mimi ni ya Ujerumani, bonde la Glan, kati ya Altenglan na Staudernheim, kilomita 40. Huko hakuna kuongozwa kwa foleni, mnapewa chombo asubuhi mnaenda zenu, mkitaka kula mnakitoa relini mnakiweka pembeni mwenzenu apite. Na kwa kuwa njia ni moja hawapishani, wamepanga kwa kalenda, tarehe shufwa watu wote wanatokea upande wa Altenglan, tarehe witiri wanatokea upande wa Staudernheim. Hiyo sasa ndiyo siku nzima ya kweli. Ila kilomita 40 na magoti ya shangazi, hapo itabidi tukae kikao.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya choo, siti iliyoganda na ile kuharakishwa. Mkienda chukueni safari ya kwanza ya asubuhi, jua halijachoma na wanyama bado wapo karibu na njia, sisi tuliona swala wawili wamesimama katikati ya reli wanatushangaa kwa sababu hatuna mlio wa injini. Vaeni viatu vya kufunga si ndala, bebeni maji zaidi ya mnavyodhani, koti jepesi kwa ajili ya upepo. Na mvua za rasharasha hawaahirishi, mnaenda hivyohivyo, someni masharti ya kurudishiwa hela kabla ya kulipa. Tiketi piga picha ya skrini kabisa, kule bondeni mtandao hakuna na mapokezi wanataka namba.